Shajara ya mradi: orodha ndani ya orodha kwenye wiki ya mwalo

8 Februari 2025. Tunachotaka

Tunaunda wiki ndogo, yaani tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaiandika na kuirekebisha, ya mwalo mmoja (mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki) upande wa Ilemela, hapa Mwanza. Mafundi mitumbwi, mafundi mashine, akina mama wa dagaa na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi mwaloni) wataandika wenyewe, kwa simu zao, jinsi kazi zao zinavyofanyika, na mwingine akiona pamekosewa atarekebisha palepale. Seva ni kompyuta mpakato ya zamani iliyokaa kwenye duka la steshenari, na ruta iliyotumika tuliyoinunua kwa shilingi 45,000. Hayo yalikwenda vizuri, sitayarudia.

Shajara hii ni ya jambo moja tu: alama za kuandikia orodha zenye ngazi. Kazi za mwaloni karibu zote ni hatua, ndani ya hatua kuna hatua ndogo, na ndani ya hizo kuna tahadhari. Kama fundi hawezi kuandika kwamba hatua ya 5 ina mambo matatu na la pili lina mawili, bila kuja kuniuliza afanyeje, basi wiki hii itabaki ya mimi na mwenzangu. Naandika ili mwenye wiki ya shamba, ya zahanati au ya shule achukue tutakachokipata bila kupita tulikopita.

Swali tulilolibandika ukutani ni hili: mtu ambaye hajawahi kufundishwa alama yoyote, akiandika kwa simu vilevile anavyoandika kwenye daftari, je, programu itamwelewa?

15 Februari 2025. Madaftari

Kabla ya kugusa msimbo, yaani maandishi ya programu, tuliazima madaftari. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana mwezi ukiwaka taa za mtumbwi hazivuti dagaa, kwa hiyo ndizo siku watu wana nafasi ya kukaa na kuzungumza. Tulipata daftari la fundi mashine, kumbukumbu za vikao vya BMU na daftari la kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa kwenye chanja. Fotokopi na nauli vilitugharimu shilingi 14,000.

Jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba karibu hakuna anayesogeza mstari ndani ili kuonyesha ngazi. Wote wanaanzia palepale kwenye mstari mwekundu wa pembeni. Ngazi inaonekana kwa aina ya alama: 1, 2, 3 kwa mambo makubwa, a, b, c kwa madogo, halafu i, ii, iii au kistari. Katibu wa BMU anaandika 1.1 na 1.2, kama ilivyo kwenye mihtasari ya vikao vyote. Watu wamejifunza hivi shuleni, na ndivyo sheria zetu zinavyoandikwa. Ukisoma ibara ya 13(6)(a) ya Katiba huhitaji kupima nafasi pembeni kujua kwamba (a) iko chini ya (6).

La pili: watu wanaruka mstari wanavyotaka, wakati mwingine katikati ya hatua moja.

La tatu: hatua iliyosahaulika haifanyi mtu aandike upya ukurasa mzima. Katibu anaichomeka kwa jina la 4A, kama sheria inaporekebishwa na kuingizwa kifungu cha 4A baada ya cha 4.

Hatukuanza na njia hii ya daftari, kwa sababu kuna vichanganuzi (programu zinazosoma alama za mwandishi na kuzigeuza ukurasa) vya bure vya mitindo mingine vilivyokomaa, na kuandika cha kwetu ni kazi. Tulitaka kwanza tuone kama kilichopo kinatosha.

2 Machi 2025. Jaribio la kwanza: nafasi mwanzoni mwa mstari

Wiki ya kwanza duniani, ile aliyoifungua Ward Cunningham tarehe 25 Machi 1995, ilitumia kitufe cha Tab mbele ya nyota. Ukiongeza Tab, kipengele kinashuka ngazi. Markdown ya John Gruber, mtindo wa alama wa mwaka 2004, nayo inategemea nafasi zinazotangulia mstari. Kwa mtu mwenye kibodi kubwa mbele yake ni njia nzuri, kwa sababu maandishi ghafi yanafanana na yatakavyoonekana.

Tumechukua kichanganuzi kinachofuata kanuni za CommonMark, yaani Markdown iliyoandikiwa kanuni kamili, tumekiunganisha, kinafanya kazi. Tumekitoa kwa watu.

16 Machi 2025. Jaribio la kwanza limekufa

Simu haina Tab. Hilo tulilijua. Tulichokuwa hatujakipima ni nafasi zenyewe. Kwenye kisanduku cha kuandikia cha simu, herufi hazina upana sawa na nafasi ni nyembamba sana, kiasi kwamba nafasi mbili na nafasi tatu huwezi kuzitofautisha kwa macho. Mstari mrefu ukikatika, sehemu yake ya pili inarudi pembeni kabisa, na mwandishi anadhani ameharibu. Fundi mitumbwi mmoja alikuwa akibonyeza kitufe cha nafasi bila kukiachia ili zije nyingi kwa pamoja, simu ikawa inamletea orodha ya kuchagua lugha.

Kilichotukatisha tamaa kabisa ni hiki. Ukurasa wa kusafisha kabureta ulikuwa na hatua 12. Mwandishi alikuwa makini, kila kipengele kidogo alikipa nafasi tatu. Hatua ya 1 hadi ya 9 zilitoka sawasawa. Kuanzia hatua ya 10, vipengele vidogo vilirukia nje hadi pembeni, kana kwamba si vya hatua yoyote:

```
9. Rudisha jeti mahali pake
   - usikaze kupita kiasi
10. Funga kabureta
   - angalia gasketi
11. Unganisha mpira wa petroli
```

Sababu: CommonMark inataka mtoto aanzie pale maandishi ya mzazi yanapoanzia. "9." na nafasi yake vinachukua sehemu tatu, "10." inachukua nne. Namba ilipopata tarakimu ya pili, nafasi tatu hazikutosha tena. Kanuni yenyewe ina mantiki yake, mimi siibezi, lakini hakuna namna ya kumweleza fundi kwamba kistari kilekile alichokiandika mara tisa kimeacha kufanya kazi mara ya kumi kwa sababu ya kitu asichokiona.

Tulilotoka nalo hapa na ambalo hatutaliacha: ngazi ya mstari iandikwe kwa kitu kinachoonekana, tena kwenye mstari wenyewe.

30 Machi 2025. Jaribio la pili: nyota na reli

UseModWiki, programu iliyoendesha Wikipedia ilipoanza Januari 2001, ilihesabu nyota: moja ni ngazi ya kwanza, mbili ni ya pili, tatu ni ya tatu. MediaWiki, programu inayoiendesha Wikipedia sasa, imerithi hivyo, na Wikipedia ya Kiswahili inaandikwa hivyo hadi leo: nyota (`*`) kwa vitone, reli (`#`) kwa namba.

Tulikuwa na matumaini makubwa hapa. Kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu anajua nyota iko wapi na reli iko wapi, na anazitaja kwa majina hayo. Hakuna haja ya kumwonyesha mtu kitufe. Unamwambia "nyota mbili" na vidole vinakwenda vyenyewe. Somo lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Gharama ya hatua hii: bando na vitafunwa vya kikao, shilingi 22,000.

14 Aprili 2025. Jaribio la pili: palipokatika

Mvua za masika zimetubana wote ndani ya steshenari, tukapata muda mrefu wa kutazama watu wakiandika. Ngazi za aina moja, nyota chini ya nyota, zilikwenda bila tatizo lolote. Matatizo yalikuja kwenye mchanganyiko, na kazi za mwaloni ni mchanganyiko mtupu: hatua zenye namba, chini yake tahadhari zisizo na namba.

Mama mmoja aliandika hivi kuhusu kuanika dagaa:

```
# Safisha chanja
** toa magamba ya jana
** kaza nyavu
# Mwaga dagaa kwa wembamba
```

Kwa akili ya kawaida hakuna kilichokosewa: nyota mbili ni ngazi ya pili. Lakini kwa kanuni ya MediaWiki, mstari wa ngazi ya pili lazima ubebe alama ya mzazi wake, yaani `#*`. Ukiandika `**`, programu inaona umeacha orodha ya namba na kuanza nyingine ya nyota, na reli inayofuata inaanza kuhesabu upya. Ukurasa ukaonyesha "1. Safisha chanja" na chini yake tena "1. Mwaga dagaa". Mama akauliza, "Mbona kila kitu ni cha kwanza?" Nilimweleza kuhusu `#*`, akaelewa, akaandika ukurasa wa pili, akasahau. Na ana haki ya kusahau, kwa sababu kwake reli ni namba na nyota ni kitone. Hakuna sababu ya kitone kubeba reli mgongoni.

Kuruka mstari nako kulivunja orodha na kurudisha hesabu mwanzo, na kama nilivyosema, watu wetu wanaruka mstari.

Tatu, WhatsApp imewazoesha watu kwamba neno likizungukwa na nyota linakuwa herufi nzito. Kwa hiyo mistari mingi ilianza na `*Angalizo*`, nayo ikageuka vitone vyenye nyota moja iliyobaki mkiani. Mgongano huu si mgeni: waliotunga Creole, lugha ya pamoja ya wiki iliyokamilika mwaka 2007, walikuwa na nyota mbili zinazoweza kuwa herufi nzito au ngazi ya pili, wakaamua kwamba nyota mbili mwanzoni mwa mstari ni orodha endapo mstari uliotangulia nao ni wa orodha. Sisi tulitatua chetu kwa kudai nafasi moja baada ya alama ya orodha. `*Angalizo*` haina nafasi baada ya nyota, kwa hiyo ni herufi nzito. Kanuni hiyo imebaki na inafaa kuigwa popote.

Hayo mawili mengine hayakutatulika bila kubomoa mtindo wenyewe. Tumerudi kwenye madaftari.

27 Aprili 2025. Jaribio la tatu: kama kwenye daftari

Sasa tunaandika kichanganuzi chetu. Wazo ni kwamba programu isiangalie nafasi wala isihesabu nyota, bali ifuate hesabu ya mwandishi mwenyewe. Namba, herufi, namba za Kirumi na kistari ni aina nne. Aina mpya ikitokea, tumeshuka ngazi. Aina iliyo wazi tayari ikirudi, tumepanda hadi pale ilipo.

```
1. Safisha chanja
a. toa magamba ya jana
b. kaza nyavu
- hasa pembeni
2. Mwaga dagaa kwa wembamba
```

Hapa hakuna nafasi hata moja mwanzoni mwa mstari, na bado hakuna atakayesoma vibaya. Kistari kiko chini ya b, na "2." inafunga vyote vilivyo chini na kurudi juu.

Faida ambayo hatukuitegemea: kwenye simu nyingi, ukigonga kitufe cha nafasi mara mbili baada ya herufi au tarakimu, simu inaweka nukta yenyewe. Kijana wa duka ndiye aliyegundua kwamba akiandika 1 na kugonga nafasi mara mbili anapata "1." pamoja na nafasi yake.

13 Mei 2025. Yaliyoharibika na dawa zake

Hiki ndicho kipande kirefu, kwa sababu wazo lilikuwa jepesi kuliko utekelezaji.

Herufi kubwa. Simu inakuza herufi ya kwanza ya mstari, kwa hiyo watu wanaandika "A." bila kukusudia, na kibodi iliyowekwa Kiingereza inageuza i kuwa I. Tumeacha kutofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye alama.

Herufi i. Fundi mitumbwi, mzee anayeheshimika sana hapa, aliandika mambo ya kukagua kabla ya kutoka:

```
g. Kamba ya nanga
h. Kasia la akiba
i. Jaketi la kujiokolea
j. Ndoo ya kuchotea maji
```

Programu iliichukua "i." kuwa ni namba ya Kirumi, yaani aina mpya, ikaishusha chini ya kasia. Mzee akatazama, akaniambia, "Kijana, jaketi si sehemu ya kasia." Dawa ya kwanza: kama ngazi iliyo wazi ni ya herufi na ya mwisho ilikuwa h, basi i ni herufi. Lakini hapo anaumia mwenye orodha ndogo ya Kirumi chini ya kipengele h. Kwa hiyo programu inatazama mbele kidogo. Ikikuta "ii." baadaye kabla ya ngazi kufungwa, ile i ilikuwa ya Kirumi, ikikuta "j.", au isipokuta kitu, ni herufi. Tangu hapo hatujapata malalamiko ya i.

Nukta na mabano. Tulianza kwa kuhesabu "a." na "a)" kuwa aina mbili, tukifikiria mtindo wa sheria. Ikawa vurugu, kwa sababu mtu mmoja anaandika "a." halafu "b)" halafu "(c)" ndani ya orodha moja bila kujali, na kila mstari ulikuwa unashuka ngazi. Dawa iliyopatikana hapa ndiyo moyo wa kazi yote: *ngazi mpya hufunguliwa na cha kwanza tu*. 1, a, i au kistari vinaweza kufungua ngazi. "b)" haiwezi, kwa hiyo lazima iwe mwendelezo wa a iliyo wazi, iwe na nukta, iwe na mabano. Umbo la mkia halina kazi tena.

Kanuni hiyohiyo iliua tatizo jingine ambalo hata hatukuwa tumeligusa. Mstari wa maelezo unaoanza kwa bahati mbaya na namba, mfano "25. ndiyo idadi ya mbao", ulikuwa unageuka orodha. Sasa 25 haina mahali pa kuendelea na haiwezi kufungua, kwa hiyo inabaki maandishi ya kawaida. CommonMark nao wana kinga ya namna hii: orodha ya namba haiwezi kukatiza aya isipokuwa inaanza na 1.

Kistari. Fundi mashine aliandika hatua, chini yake kistari cha tahadhari, kisha a, b, c. Programu ikaziweka a, b, c chini ya kistari. Kwa mwandishi, kistari ni neno la pembeni, hakizai watoto wenye namba. Kwa hiyo kistari sasa ni cha chini kabisa daima, na namba au herufi ikija inakifunga. Anayetaka kistari chini ya kistari anaandika viwili.

Orodha mbili zinazofuatana. Vifaa 1 hadi 3, halafu hatua 1 hadi 6, bila kichwa katikati. Kwa kuwa "1." hufungua ngazi, hatua zote zilizama ndani ya kifaa cha 3. Tumeamua kwamba aina moja haikai ndani ya aina hiyohiyo. "1." ikirudi wakati namba ziko wazi, orodha ya zamani imekwisha na mpya imeanza. Anayetaka namba ndani ya namba aandike 2.1 na 2.2 kama katibu, na hapo ngazi inahesabiwa kwa nukta za katikati.

25 Mei 2025. Aya katikati ya hatua

Hatua ya 6, halafu maelezo marefu bila alama, halafu hatua ya 7. Hapa ndipo mitindo mingi inapoanguka. AsciiDoc, mtindo mwingine wa alama, inataka alama ya jumlisha peke yake kwenye mstari ili kuunganisha aya na kipengele kilichotangulia. Tulijaribu jumlisha kwanza, na watu walilipenda wazo, "jumlisha maelezo haya", lakini walilikumbuka pale tu tulipokuwa tumekaa pembeni yao.

Halafu mwenzangu akaona kwamba jibu tulikuwa nalo tayari. Kama baada ya aya inakuja "7.", na 7 haiwezi kufungua orodha, basi orodha haikuwa imekwisha. Aya ile ni ya hatua ya 6. Kama baada ya aya haiji namba inayoendelea, orodha ilikwisha pale na aya ni ya kawaida. Mwandishi hafanyi chochote. Mstari mtupu nao umekosa nguvu ya kuvunja kitu.

Nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Tumefuta alama ya jumlisha kabisa.

Kinachobaki kigumu ni aya inayokuja baada ya c lakini inamhusu mzazi, yaani hatua ya 6 yenyewe. Programu inaipa c. Hatujaona namna ya kuitambua bila alama mpya, na hatutaki alama mpya kwa ajili ya jambo linalotokea kwa nadra. Mwandishi anashauriwa kuitanguliza aya hiyo kabla ya a.

12 Juni 2025. Kupanga namba upya ni hatari

Tulikuwa tumeweka kwamba ukihifadhi ukurasa, programu inanyoosha namba: ukifuta ya 4, ya 5 inakuwa 4. Inapendeza kwa macho. Fundi mashine alikuja na ukurasa wake amekunja uso, na alikuwa na sababu.

Kabla ya hapo hatua ya 3 ilikuwa kuwasha mashine na kuangalia maji ya kupozea, na ya 4 kuizima na kuchomoa waya wa plagi. Mbele huko imeandikwa kwamba maji yasipotoka, rudi hatua ya 4, kisha fungua sehemu ya chini utoe impela. Mtu mwingine, kwa nia njema, alichomeka hatua moja mwanzoni. Programu ikasogeza zote. Sasa hatua ya 4 ni kuwasha mashine, na maandishi ya mbele bado yanasema "rudi hatua ya 4". Anayefuata neno kwa neno atawasha mashine kisha apeleke mikono kwenye propela. Tungemwumiza mtu kwa kunyoosha namba.

Tumeondoa unyooshaji wa kimyakimya siku hiyohiyo. Namba aliyoiandika mtu inabaki namba yake, hata ikiruka kutoka 3 hadi 5. Kinachotakiwa ni iwe kubwa kuliko iliyotangulia. Tumekubali pia 4A kuwa kipengele cha ngazi ileile kati ya 4 na 5. Kwenye HTML, lugha ambayo kivinjari kinaisoma ili kuonyesha ukurasa, hili linahitaji uangalifu. Alama ya `li` inaweza kupewa thamani ya namba, kwa hiyo kuruka kutoka 3 hadi 5 si shida, lakini 4A haiingii kwenye thamani hiyo. Tumezima namba za kivinjari na tunaandika alama sisi wenyewe, vilevile alivyoiandika mwandishi.

Anayetaka kunyoosha ana kitufe, "Panga namba". Akikigonga, programu inamwonyesha kwanza kila mahali kwenye ukurasa palipoandikwa "hatua ya" ikifuatwa na namba, na haihifadhi mpaka apitie moja moja. Hatukuifanya ibadilishe yenyewe, maana "hatua ya 4" inaweza kuwa ya ukurasa mwingine.

28 Juni 2025. Kwa wasiofundishwa

Mama mchuuzi wa dagaa kutoka upande wa Sengerema, aliyevuka na kivuko cha Kamanga kwa shughuli zake, alikaa steshenari akisubiri mzigo. Hajawahi kuiona wiki hii. Tulimpa simu, tukamwambia aandike jinsi anavyochagua dagaa wa kusafirishwa mbali, na tukakaa kimya. Aliandika kwa namba, akashuka kwa herufi, akaruka mistari, akaweka vistari, na katikati akaandika aya nzima kuhusu mchanga kwenye dagaa walioanikwa chini. Ukurasa ulitoka na ngazi zake zote. Palipopotea ni mahali pamoja tu: aliandika "kwanza", "pili", "tatu" kwa maneno, na programu haikuona orodha hapo. Mwenzangu anataka tuyatambue maneno hayo. Mimi naona tuyaache, kwa sababu "kwanza" huanza sentensi nyingi sana ambazo si orodha, na kukisia vibaya kunamchanganya mtu kuliko kutokisia. Bado tunabishana.

Kwa anayetaka kuinakili kazi hii: usianze na msimbo wetu, anza na faili la majaribio. Kila ukurasa uliovunjika tumeuhifadhi humo kama ulivyoandikwa na mwenyewe kwa idhini yake, pamoja na ngazi alizokusudia. Kichanganuzi kinapita faili hilo lote kabla hatujapeleka badiliko lolote kwenye seva. Kama watu wako wanaandika kwa namna nyingine, badilisha faili kwanza, kichanganuzi kitafuata.

Kilichobaki ni jedwali na picha ndani ya kipengele. Picha tayari zinaharibu mpangilio zikiwa kubwa kuliko upana wa simu, na wa chanja wanazitaka sana. Tutalishika hilo mbalamwezi ya Julai, watu wakiwa nchi kavu.